Penseli ya Chemba Kumi na Saba

Chemba namba kumi na saba ilikuwa kavu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Maana ripoti ilisema maji. Kurasa arobaini, picha za rangi, muhuri wa mshauri wa mauzo, na kila ukifunua unakutana na wimbo uleule: maji yameingia chini ya barabara, nyuzi zimeoza, laini kumi na moja za kule bondeni zimekufa. Na kwa kuwa zimekufa, jiji ling'ang'anie mtandao wa faiba wa nini? Liuze, lipumue. Kesho yake, Ijumaa saa nne asubuhi, jiji na kampuni inayonunua wangetia saini. Ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu kifupi ambacho msomaji mwenye haraka anakiruka kama dimbwi: laini zilizokufa, mnunuzi halazimiki kuzifufua. Yaani bonde zima, shule mbili na zahanati, ndiyo basi tena. Zahanati yenyewe ilishazoea dhiki. Miezi miwili picha za eksirei zinapelekwa hospitali kuu kwa pikipiki, kwenye bahasha, na mvua ikinyesha nesi anavua koti lake anaifunika bahasha.

Sasa Sindano alikuwa amechuchumaa ndani ya chemba hiyo, shimo la nyaya lenye mfuniko wa chuma, saa sita mchana, anapapasa sakafu kwa kiganja. Vumbi tupu. Buibui alishajenga ukutani, nyumba ya vyumba na sebule.

"Vipi huko chini?" Dada Koleo akauliza kutoka juu. Kichwa chake kilikuwa kimeziba nusu ya anga.

"Kukavu."

"Kukavu kivipi?"

"Kukavu kama koo la mtu aliyedanganya."

Hao wawili ndio walikuwa kitengo kizima cha ukaguzi wa jiji. Sindano alipewa jina hilo enzi za uanagenzi kwa sababu hakuna tundu lililomshinda kupita. Alikuwa fundi wa kuunga faiba kabla ya kuhamishiwa ukaguzi. Koleo naye alitoka karakana, upande wa vipimo. Akikubana na swali, ni kama jino. Hakuachii mpaka king'oke kitu.

"Mashine inasema mwanga unafia hapohapo ulipo," Koleo akasema. "Nimepima kutoka mwisho huu, nikapima kutoka mwisho ule. Unafia hapo. Fungua boksi."

Sindano akafungua boksi la maungio, akainua trei, akawasha tochi ya kichwani.

Uzi wa faiba ni kioo chembamba kama unywele. Ndani ya trei unatakiwa ulale kwa mduara mpana, umejikunyata kama paka aliyeshiba. Huu haukulala hivyo. Ulikuwa umezungushwa mara kumi, kwa kubana, kwenye kipande cha penseli chenye urefu wa kidole gumba, ukafungwa kwa utepe. Penseli yenyewe ilichongwa kwa kisu, pande zote mbili.

Uzi ukiukunja namna hiyo, ukiwa na mkono mwepesi, haukatiki. Mwanga ndio unaotoroka kwenye kona, unapotelea nje, na mashine inaandika kwamba laini imekufa. Ukiunyoosha, mwanga unarudi kama vile haukwenda popote. Kila fundi anajua kukunja uzi ni kosa. Lakini kuukunja makusudi, kwenye penseli, ili laini ionekane maiti kumbe imesinzia tu, hilo katika jiji zima walilijua watu wawili. Mmoja wao alikuwa ndani ya shimo hilo, jasho linamtoka mpaka kwenye nyusi.

"Sindano! Umelala?"

"Nipo."

Akaukata utepe, akauzungusha uzi kinyumenyume, duru moja baada ya nyingine, akaulaza vizuri. Huko juu mashine ikalia.

"Haa! Umerudi! Mwanga umerudi, msafi kabisa! Umefanya nini?"

"Uzi ulikuwa umejikunja."

"Umejikunja wenyewe?"

"Ndiyo."

Kile kipande cha penseli kilikuwa kimeshaingia mfuko wa suruali, mfuko wa nyuma, wenye kifungo. Na kifungo akakifunga.

*

Walipofika chemba ya ishirini, Sindano alishika ngazi ashuke, simu yake ikaita. Mke wake.

"Baba watoto, usisahau gauni langu kwa fundi cherehani. Anafunga saa nane."

"Sawa."

"Sema sawa ya mtu anayesikia. Kesho nakaa meza ya mbele. Nisije nikatambulishwa mkuu wa huduma kwa wateja nimevaa kama naenda kufua."

"Nimesikia, mama. Nitalipitia."

Alipogeuka, Koleo hakuwepo. Alishashuka mwenyewe. Sindano akabaki amesimama juu, anaangalia mashine. Kioo cha mashine kikaonyesha mstari ukishuka ghafla kama mtu aliyekanyaga hewa, halafu, baada ya dakika kumi hivi, mstari ukanyooka.

Koleo akapanda ngazi polepole. Mkono mmoja ulishika ngazi. Mwingine ulikuwa mfukoni.

"Huu nao," akasema, "umejikunja wenyewe."

Akamtazama. Sindano akaanza kukusanya vifaa.

"Twende stoo," Koleo akasema. "Mifuniko hii huinui kwa kucha. Inataka ndoano, na ndoano iko moja. Aliyeichukua ndiye tunayemtaka. Halafu tukumbuke saa: maelezo yake yakifika kwa karani wa jiji kabla ya saa kumi na moja jioni, kesho hakuna kutia saini. Yakichelewa hata dakika moja, tumepima kwa kujifurahisha."

Njiani wakapitia gauni. Lilining'inizwa kiti cha nyuma, ndani ya nailoni, la bluu, likawa linapepesuka kila kona kama abiria wa tatu.

*

Mtunza stoo aliitwa Funguo, na alikuwa mnene kwa namna ya kujivunia. Koleo akafungua daftari la vifaa mbele yake, akaweka kidole.

"Ndoano ya mifuniko. Imetoka Jumapili nne mfululizo, miezi miwili iliyopita. Sababu imeandikwa 'jaribio la kawaida'. Sahihi ya nani hii?"

"Yangu."

"Jumapili karakana imefungwa."

"Imefungwa, ndiyo."

"Kwa hiyo ulikwenda kufanya nini kwenye chemba?"

Funguo akashusha miwani, akajitazama tumbo, akamtazama Koleo.

"Mimi? Dada yangu, niangalie vizuri. Tumbo hili nimelianza wewe unajifunza kuhesabu. Nikiingia chemba ile ndiyo nimeingia. Mtauza mtandao na mimi nikiwa ndani, kama sehemu ya mali."

Koleo hakucheka, ila kalamu yake ilitetemeka kidogo.

"Sahihi ni yake," Sindano akasema, macho yakiwa ukutani. "Mwandike yeye. Tukimaliza hapa tutakuwa na muda wa kuwahi kwa karani."

Funguo akageuka taratibu, kiti kikalia.

"We Sindano. Mimi? Mimi niliyekaa upande wenu siku unapeleka posa, nikasema kijana huyu simjui kwa baya hata moja?"

"Sahihi ni yako, kaka."

"Sahihi ni yangu, mkono ulioshika ndoano si wangu, na wewe unajua." Akavaa miwani tena. "Nimetia sahihi kwa sababu kuna watu huwezi kuwaambia waandike jina. Mtu kakufundisha kazi, anakuja Jumapili anasema nipe ndoano mara moja, utamwambia jaza fomu?"

"Nani?" Koleo akauliza.

"Sisemi."

"Basi ni wewe."

"Basi ni mimi."

Koleo akafunga daftari, akalifungua tena. Akauliza swali ambalo Sindano alikuwa anaomba lisiulizwe.

"Ndoano ilirudi ikoje?"

"Ikoje kivipi?"

"Chafu? Ina matope? Imepinda?"

"Matope? Thubutu! Ilirudi imeoshwa, imepakwa mafuta, imeviringishwa kwenye gazeti kama..."

Funguo alishajikwaa, na alijua.

Juu ya mlango wa stoo kulikuwa na ubao wa zamani, rangi imebabuka, ulioandikwa kwa mkono: KIFAA KIRUDI KISAFI KULIKO KILIVYOTOKA. Kwa miaka yote hiyo mafundi walikuwa wakipita chini yake na kurudisha vifaa vichafu. Aliyeutii ubao huo alikuwa mmoja, yuleyule aliyeuandika: Fundi Taratibu, bingwa wa kuunga nyaya, aliyestaafu mwaka jana baada ya kuufundisha mji mzima.

"Sindano," Koleo akasema bila kuutoa uso kwenye ubao. "Huyo si baba mkwe wako?"

"Ndiye."

*

Kwenye gari Koleo ndiye aliyeendesha.

"Mkwe hahoji mkwe," akasema. "Sheria ya ofisi ni hiyo, na hata bila ofisi. Utakaa, utanyamaza. Nitauliza mimi, nitaandika mimi."

"Sawa."

"Nikuulize. Hilo gauni la kesho?"

"La mke wangu. Kampuni inayonunua imemchukua. Wenzake wote wa dawati la wateja la jiji wanaachishwa, yeye amepewa ukuu."

"Alipewa lini?"

"Miezi miwili sasa."

Koleo akabadilisha gia. Vidole vyake kwenye usukani vilifunguka kimoja, kikafuata cha pili, kama anahesabu miezi.

"Mlifurahi?"

"Tuliita majirani," Sindano akasema.

*

Mlango ulikuwa wazi. Fundi Taratibu alikuwa peke yake sebuleni, mkewe ametoka, na mezani ametandaza matumbo ya redio kwenye kitambaa cheupe. Pembeni kulikuwa na mkebe wa penseli na kisu kidogo. Mafundi wa faiba wanaandika kwa penseli tu, maana uzi unafutwa kwa spiriti na spiriti inakula wino. Penseli zote mkebeni zilichongwa kwa kisu, pande zote mbili.

"Shikamoo baba," Sindano akasema, akabaki mlangoni.

"Marahaba mwanangu. Mbona umeganda hapo kama umeleta taarifa ya msiba? Ingia. Na wewe binti, karibu. Koleo, siyo? Bado unapima pande mbili?"

"Shikamoo fundi. Bado."

"Ndiyo. Upande mmoja unasema unachotaka kusikia."

Wakakaa. Koleo akatoa fomu ya maelezo, akaiweka juu ya meza, akatoa kutoka mfukoni kipande cha penseli, akakiweka juu ya fomu. Redio, kisu, mkebe, na kile kipande. Hakukuwa na haja ya hotuba.

Mzee akakitazama muda mrefu. Akachukua kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Kimetoka ya ngapi?"

"Ishirini. Fundi, unakijua?"

"Nakijua. Nilikichonga."

Ikawa hivyo tu. Koleo alikuja na maswali kumi na mbili, na la kwanza likamaliza kazi ya manane.

"Nani alikutuma?"

"Yule mshauri wa mauzo. Alikuja hapa, akakaa hapo ulipokaa wewe. Akasema mtandao utauzwa, hilo limeshaisha kwa wakubwa, kilichobaki ni sababu. Akaniambia niingie nikate laini za bonde. Akasema, mzee, una binti pale dawatini, watamwacha aende wapi?" Akakohoa. "Nikamwambia kukata siwezi. Nyuzi zile nimezilaza kwa mkono huu, usiku na mchana, nikiwa na mgongo mzima. Kukata siwezi. Lakini naweza kuzilaza usingizi."

"Kwa hiyo ukazikunja."

"Kumi na moja. Nikasema, siku moja atakuja mtu atakayejua kuziamsha." Akainua macho, kwa mara ya kwanza, kwa mkwe wake. "Nilidhani atakuja kimyakimya."

Sindano alikuwa anaangalia miguu ya meza.

"Zimeamka vizuri?" Mzee akauliza. Sauti ilikuwa nyingine kabisa, ya karakana. "Mwanga ulirudi safi?"

"Ulirudi safi, fundi," Koleo akasema. "Hakuna hata mkwaruzo."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Basi. Mlianzia ipi?"

"Kumi na saba."

"Ile ya karibu na shule. Ile ilinipa taabu, uzi ulikuwa mfupi, nikatafuta penseli nyembamba." Akaangalia juu ya fomu, akaangalia pembeni mwa fomu, kama fundi anayehesabu vifaa kabla ya kufunga sanduku. "Na penseli yake iko wapi?"

Koleo akageuza shingo, polepole, akamtazama Sindano.

Redio ile mezani, na matumbo yake nje, ilikuwa inatoa mlio mdogo sana wa umeme. Sindano akanyanyua mkono, akaupeleka nyuma, akafungua kifungo cha mfuko. Kile kipande kikaingia mezani kando ya mwenzake. Ndugu wawili, sura moja.

"Umejikunja wenyewe," Koleo akasema.

"Dada..."

"Nyamaza. Nimeshakwambia unyamaze." Alikuwa anaandika kwa nguvu mpaka karatasi inakwaruza. Alipomaliza mstari akashusha pumzi. "Fundi, nisikilize. Hii karatasi peke yake haitoshi. Mwanasheria wao atasema mzee amezeeka, anajisingizia, faiba zilijikunja zenyewe kwa joto. Maelezo ya mmoja ni hadithi. Nataka wa pili, mtu anayejua kwamba hii ni mbinu, ina mwenyewe, haitokei kwa bahati mbaya. Kwa hiyo nakuuliza. Mbinu hii ya penseli ulifundishwa na nani?"

"Niliota."

"Fundi."

"Iandike hivyohivyo. Aliota."

"Saa tisa na nusu sasa hivi, fundi. Bonde lina saa moja na nusu."

Mzee akachukua kisu, akaanza kuchonga penseli ambayo ilikuwa tayari imechongwa. Maganda yakaanguka juu ya kitambaa cheupe.

"Mimi nimeshakula chumvi nyingi," akasema. "Ukinifunga leo, kesho wataniachia kwa huruma. Huyu ana watoto. Na mke wake ni mwanangu. Nimesema niliota."

Na Sindano akakumbuka, tena si kwa mbali. Miaka kumi na minane nyuma, mwanagenzi mwembamba, nyumba ya bosi wake mwisho wa barabara ya nne, na ndani ya nyumba hiyo binti. Kila wiki laini ya barabara ya nne inakufa. Kila wiki bosi anamtuma mwanagenzi akaitengeneze. Kila wiki mwanagenzi anachelewa kurudi, na anarudi anapiga mluzi. Mpaka siku Mzee alipofungua boksi mwenyewe, akakuta penseli. Alimcharaza kwa rula ya kupimia kuzunguka karakana nzima, halafu akakaa chini akacheka mpaka machozi. Akasema, hili tulizike hapahapa, mimi na wewe.

"Andika," Sindano akasema.

"Nimekwambia..."

"Andika, Koleo. Hakuota. Alifundishwa na mkwewe."

Kisu kikasimama.

"Mwanangu," Mzee akasema. "Na lile gauni?"

Kumbe alishaliona kupitia dirishani, likining'inia kwenye gari kama mtu anayewasubiri.

Simu ya Sindano ikaanza kutetemeka kwenye mfuko wa shati. Kila aliyekuwa pale alijua ni nani. Ikatetemeka mpaka ikachoka.

"Penseli niliibuni mimi," akasema. "Leo nikaikuta, nikaificha. Halafu nikamsukumia mwenzangu wa stoo, mtu aliyesimama kwenye posa yangu. Na hicho cheo cha mke wangu nilikishangilia, sikuuliza kimetoka wapi. Yote andika. Anza na penseli."

Koleo akamaliza fomu ya Mzee, akamgeuzia aweke sahihi. Mzee akaweka, kwa penseli, kwa mazoea. Koleo akamnyang'anya, akampa kalamu ya wino, akaweka tena. Kisha Koleo akatoa fomu nyingine kwenye mkoba, mpya, haina hata alama, akaichapa juu ya meza.

"Huwezi kutoa maelezo ukiwa upande wangu," akamwambia Sindano. "Nenda ukae pale."

Hakukuwa na kiti kingine upande ule. Mzee akasimama, goti likamlia, akampisha mkwe wake.

Sindano akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto.